Vinasaba si Nasaba: Maneno ya Sayansi na Hukumu za Sharia

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), aliyemfundisha Adamu (a.s.) majina ya vitu vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Mtu mmoja wa vijiji vya Bariadi alitujia baada ya swala ya Magharibi akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameachana na mkewe, pakatokea mvutano juu ya matunzo ya mtoto wao wa miaka tisa, na kipimo cha DNA kikafanyika kwa njia za kisheria. Akatuambia kwa sauti ya chini: "Sheikh, vinasaba vimekataa. Yule mtoto hana nasaba na mimi. Nimekuja kuuliza tu, namtoa katika mirathi sasa hivi au nisubiri?" (Mirathi ya mtu aliye hai haifunguliwi, lakini hilo tuliliweka kando kwanza.) Tukamuuliza nani amemwambia kuwa mtoto hana nasaba naye. Akatukabidhi karatasi. Tuliisoma mwanzo hadi mwisho. Ilieleza kwamba sampuli ya mtoto haikuoana na yake. Juu ya nasaba haikusema kitu. Yeye alikuwa amesoma "vinasaba" akasikia "nasaba", na hatuwezi kumlaumu, kwa sababu waliolibuni neno hilo walitaka asikie hivyo.

Ndugu huyu hakuja kuomba fatwa. Alikuja nayo mkononi, na ndani yake mlikuwa na mambo matatu mazito: kumkatia mtoto nasaba, kumnyima mirathi, na kumtuhumu mwanamke kwa zinaa pasina mashahidi wanne. Ndiyo maana tumeona tuandike juu ya maneno ya sayansi katika Kiswahili, jambo ambalo kwa kawaida huachiwa walimu wa lugha.

Katika vikao vyetu vya masheikh na walimu wa madrasa kuna malalamiko ya siku nyingi kwamba Kiswahili cha sayansi kimejaa Kizungu. Oksijeni, haidrojeni, kaboni, bakteria, virusi, fizikia, biolojia. Wenye kulalamika husema: lugha yetu ilikulia ufuoni mwa bahari ya Waislamu, ikaandikwa kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa, na ikachukua kutoka Kiarabu hesabu, sifuri, zebaki, sayari, tabibu na falaki. Vipi leo istilahi zake zitoke Uingereza? Sisi wenyewe, tuliosoma Kiarabu na kukifundisha, tulikuwa mstari wa mbele katika malalamiko hayo, na tuliwahi kuyasema juu ya mimbari. Leo tunakiri kwamba tuliyasema kwa kupenda lugha zaidi kuliko kwa kupima jambo.

Tuanze na wazee wetu. Walipotarjumu elimu za Wayunani katika Baghdad, zama za Hunayn bin Is-haq aliyefariki mwaka 873, hawakuona haya kuchukua neno la kigeni pale lilipowafaa. Falsafa ni Kiyunani. Jughrafia ni Kiyunani. Usturlabu, chombo kilichotumika kupimia nyota na nyakati za swala, ni Kiyunani. Ama ugonjwa tunaouita saratani, wao walilitafsiri neno la Wayunani lenye maana ya kaa wa baharini, nasi tukalipokea kutoka kwao. Katika lugha ya Qur'ani yenyewe maulamaa walijadiliana: Imamu Shafii katika ar-Risala alikataa kwa nguvu kwamba ndani yake mna neno lisilo la Kiarabu, na wengine, akiwemo Abu Ubayd, wakasema asili ya baadhi ya maneno ni ya kigeni lakini Waarabu waliyaarabisha kabla ya kushuka Qur'ani, kwa hiyo kila upande umesema kweli. Al-Jawaliqi akaandika kitabu kizima juu ya maneno yaliyoarabishwa. Hatujapata kusikia kwamba kukopa neno kulihesabiwa kuwa upungufu wa dini.

Kisha maneno mengi tunayoyaita ya Kizungu yalitoka kwetu yakaenda safari. Aljebra ni al-jabr ya al-Khwarizmi, wa karne ya tisa. Alkali ni al-qali, majivu ya mmea wa chumvi. Alkoholi ni al-kuhl, yaani wanja! Unga laini wa wanja ulipewa jina hilo, Wazungu wakalichukua kwa kila unga uliosagwa ukawa laini, kisha kwa kiini cha kitu kilichotolewa kwa kukeneka, hadi likaishia kwenye roho ya mvinyo. Mwenye kudhani kwamba neno la asili ya Kiarabu linabeba baraka ndani yake, na alitazame hili.

Sasa tuje kwenye Kiswahili. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 kusanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja. Tanzania ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, mwaka 1967, na mwaka huo huo Kiswahili kikashika nafasi ya kufundishia shule za msingi, huku sekondari ikibaki na Kiingereza mpaka leo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kazi hizi ni kubwa na waliozifanya wanastahiki shukrani. Tunachokikosoa ni njia moja kati ya njia walizotumia wabunifu wa istilahi, na hata hiyo hatuikosoi yote.

Njia ya kwanza ni kulichukua neno la kigeni na kuliswahilisha tu: oksijeni, jeni, jelatini. Neno la namna hii huingia likiwa tupu. Mkulima wa Itilima akilisikia mara ya kwanza halimwambii kitu, naye atauliza, "Hicho ni nini?" Njia ya pili ni kuunda kutokana na mizizi iliyomo katika lugha. Hapa msikilizaji haulizi, kwa kuwa anadhani amekwisha kuelewa. Mara nyingi ni heri. Kingamwili ni neno zuri, mtoto wa darasa la tano atalifahamu, wala halina hukumu yoyote nyuma yake. Lakini mzizi unapokuwa ni neno ambalo sharia imelikamata na kuliwekea mipaka, basi aliyeunda istilahi ameingia katika nyumba yenye wenyewe bila kubisha hodi.

Na kuvaa Kiarabu hakuzuii kosa. Sayari iliyo karibu zaidi na jua watu wa falaki huiita Utaridi. Vitabu vya shule vikaiita Zebaki. Kwa nini? Kwa sababu Waingereza wana neno moja tu kwa sayari ile na kwa madini yale yanayotiririka kama maji, na mfasiri akashika la madini. Neno ni la Kiarabu, kosa ni la Kiingereza. Mwanafunzi wetu wa madrasa anayejifunza falaki kwa ajili ya nyakati na miezi anakuta majina mawili, la shule na la chuo, asijue kwamba mojawapo lilizaliwa kwa bahati mbaya. Ama "kemia", sisi tulitaka iwe "kimia" kama ilivyo Kiarabu, mpaka mwanafunzi mmoja wa darasani kwetu alipouliza kama hilo ni somo la kukaa kimya. Tukaiacha kemia.

Jambo hili wamelipitia pia Waislamu wa Indonesia na Malaysia, nasi tunawataja kwa kuwa hali yao inafanana na yetu kuliko tunavyodhani. Ni watu wa pwani na biashara, ni wafuasi wa madhehebu ya Shafii, waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, kisha wakatawaliwa, upande mmoja na Waholanzi na upande mwingine na Waingereza. Istilahi zao zikagawanyika kufuata watawala: chuo kikuu kwa Waindonesia ni "universitas", kwa Wamalaysia ni "universiti". Tarehe 16 Agosti 1972 nchi hizo zilitangaza tahajia moja, na mwaka huo zikaunda baraza la pamoja la lugha ambalo Brunei ilijiunga nalo mwaka 1985. Oksijeni zamani Waindonesia waliiita "zat asam", yaani dutu chachu, kwa kufasiri neno la Kiholanzi, na "zat" hiyo ni dhati ya Kiarabu tunayoijua sote. Leo pande zote mbili zinasema "oksigen". Waliacha neno lenye sura ya Kiislamu wakashika la Kizungu, na hakuna msikiti uliotikisika.

Lakini angalia walichokihifadhi. Kipimo cha damu ya uzazi Waindonesia wanakiita "tes DNA", Wamalaysia "ujian DNA". Neno "nasab" wakaliacha mahali pake, mikononi mwa makadhi na vitabu vya fiqhi. Mzee wa Java akipewa karatasi ya maabara, anapewa karatasi ya DNA. Akitaka kujua nasaba itabidi amwendee mwanachuoni. Hayo ni maswali mawili, na lugha yake imemwachia mawili. Kiswahili chetu kimeyafanya moja.

Turudi basi kwenye vinasaba. Neno limeundwa kwa ustadi: nasaba, ikatiwa kiambishi cha kudogosha, ikawa kinasaba na vinasaba, yaani vijitu vidogo vya nasaba. Kosa lake la kwanza ni la kisayansi: watu hulitumia kwa DNA na kwa jeni bila kupambanua, ilhali jeni ni kipande tu cha DNA. La pili ni kubwa zaidi. Vinasaba wanavyo watu, ng'ombe, migomba na minyoo. Tunasikia redioni habari za mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Pamba ya Bariadi ina vinasaba, na kwa hakika haina nasaba. Katika Usul al-fiqh tunafundishwa kupambanua maana ya neno kilugha, maana yake kwa mazoea ya watu, na maana yake kisharia, na kwamba katika maneno ya sharia hii ya tatu ndiyo hutangulia. Nasaba kisharia si damu peke yake. Ni fungamano linalothibiti kwa ndoa sahihi, kwa kukiri, au kwa ushahidi, na juu yake husimama mirathi, uwalii, umahramu na matunzo.

Na asije mtu akasema kwamba wazee wetu walishika ndoa kwa kuwa hawakuijua damu. Waliijua. Bedui mmoja wa Banu Fazara alimjia Mtume (s.a.w.) akilalamika kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi, naye Mtume akamuuliza juu ya rangi za ngamia zake, mpaka yule bedui akasema mwenyewe kwamba huenda ni asili ya zamani iliyovuta. Mtume akamwambia huenda mwanawe naye ni hivyo hivyo. Hilo ni somo la urithi wa maumbile kabla ya maabara. Na alifurahi (s.a.w.) pale Mujazziz al-Mudliji, mjuzi wa alama za maumbile, alipoiona miguu ya Usama na baba yake Zayd akasema imetokana. Kutokana na habari hiyo Imamu Shafii aliikubali elimu ya qiyafa panapokuwa na mgogoro, na Imamu Abu Hanifa hakuikubali.

Lakini hadithi inayokata mzizi wa fitina ni ile ya Saad bin Abi Waqqas na Abd bin Zam'a, waliogombania mtoto aliyezaliwa na kijakazi wa Zam'a. Saad alidai ni wa nduguye Utba. Mtume (s.a.w.) akamtazama mtoto, akaona kufanana kulikobainika na Utba. Pamoja na hayo akahukumu kwamba mtoto ni wa mwenye kitanda, na akamwamuru Bi Sauda binti Zam'a (r.a.), mkewe, ajisitiri naye. Wasomaji wa fiqhi wazingatie hukumu hii ilivyo na pande mbili: alama ya damu haikupuuzwa, ndiyo maana Bi Sauda akaamriwa kujisitiri, na nasaba nayo haikung'olewa na alama hiyo. Lugha yetu, kwa neno moja la maabara, inawafanya watu wasiweze hata kuifahamu hadithi hii. Jaribu kuisimulia kwa kutumia neno vinasaba. Utasema: vinasaba vilikuwa vya Utba na nasaba ikawa ya Zam'a. Msikilizaji atadhani umekosea.

Maulamaa wa zama zetu hawakukikataa kipimo hiki. Baraza la Fiqhi la Rabitat al-Alam al-Islami, katika kikao chake cha 16 mjini Makka, Januari 2002, liliamua kwamba yafaa kukitegemea katika kuthibitisha nasaba panapokuwa na mgogoro juu ya asiyejulikana, au watoto wanapochanganywa hospitali, na kwamba haifai kukitegemea katika kukanusha nasaba iliyokwisha kuthibiti, wala kukitanguliza mbele ya li'an. Na wao wanakiita "alama ya kidole ya urithi wa maumbile". Hawakuiita ya nasaba. Ni kweli kwamba neno lao hilo nalo linatoka katika mzizi mmoja na mirathi, na tungetaka kuwa wakali tungewauliza. Lakini sijda ya kusahau haina deni, na angalau nasaba waliiepuka.

Sheria za nchi yetu nazo, ile ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 na Sheria ya Mtoto ya mwaka huo huo, zimekipa kipimo hiki nafasi yake mahakamani, na hatuna ugomvi na mahakama kutafuta ukweli wa matunzo. Wasukuma nao, majirani na wakwe zetu hapa Simiyu, hawakuwahi kumweka mtoto kwenye damu tupu. Hans Cory, aliyeandika sheria na mila zao mwaka 1953, alieleza jinsi mtoto anavyofuata mahari: ng'ombe wakitolewa watoto ni wa upande wa baba, wasipotolewa ni wa upande wa mama. Sisi hatuhukumu kwa mila hiyo. Tunaitaja kwa sababu hata mzee wa Kisukuma asiyeswali angetambua kwamba swali la "huyu ni mtoto wa nani" ni kubwa kuliko swali la "huyu ametokana na nani". Ni neno jipya ndilo lililoyabana hayo mawili mahali pamoja.

Mfano wa pili tutaupitia haraka. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, misikitini kuliwekwa chupa za "kitakasa mikono". Kutakasa ni neno la tohara. Tulimkuta kijana aliyejipaka akapanga safu bila udhu, akidhani ametakasika. Pembeni yake mzee akakataa kabisa kuigusa, kwa kuwa kwenye chupa pameandikwa alkoholi, naye anajua alkoholi ni pombe na pombe ni najisi. Mmoja alipotoshwa na neno la kwetu, mwingine na la kigeni. Lakini yule mzee aliuliza, tukamweleza hitilafu ya maulamaa, na kwamba Baraza la Maulamaa la Indonesia, katika fatwa yake Na. 11 ya mwaka 2009, lilipambanua kati ya alkoholi inayotokana na tasnia ya ulevi na isiyotokana nayo. Kijana hakuuliza, kwa sababu hakuona cha kuuliza. (Barakoa, kwa upande wake, ilikuja salama: lilikuwa neno la pwani la kizuizi cha uso wa mwanamke, likarudi kazini kwa kazi ile ile.)

Tunajua tutakachojibiwa. Wanafunzi watatukumbusha kanuni mashuhuri kwamba hakuna kugombana juu ya istilahi. Kanuni ni sahihi, lakini Ibn al-Qayyim aliifunga kwa sharti kwamba istilahi hiyo isibebe madhara ndani yake. Na Mtume (s.a.w.) alikwisha kutuhadharisha juu ya watu watakaokunywa ulevi huku wakiupa jina lisilo lake, kubadili jina la kitu kwaweza kuwa mlango wa kubadili hukumu yake machoni mwa watu. Tena watasema neno limekwisha kuenea, limo katika sheria na magazeti, nani atalirudisha? Hatudai lirudishwe. Tunawaomba maimamu na makadhi wasiliingize katika fatwa na hati zao. Panapohusu maabara, waandike DNA au jeni, maneno matupu ya Kizungu, na yakiwa matupu ndivyo tunavyoyataka, ili muulizaji abaki na swali lake mpaka afike kwa anayeweza kulijibu. Neno nasaba waliandike pale tu wanapokusudia nasaba.

Ama yule ndugu, tulimwambia kwamba mtoto alizaliwa ndani ya ndoa sahihi baada ya zaidi ya miezi sita, na kwamba yeye alimpokea, akamfanyia akika, akamwita mwanawe miaka tisa. Katika madhehebu yetu, aliyekwisha kukiri hana tena njia ya kukanusha, na mlango wa li'an ulikuwa wazi siku zile alipojua kuzaliwa kwake, si leo. Mtoto ni wake, atamrithi na atarithiwa naye. Na tukamtahadharisha asirudie mbele za watu yale aliyoyasema juu ya mama yake, kwani karatasi ile si mashahidi wanne. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza: "Sasa hii karatasi inasema nini?" Tukamjibu kwamba inasema juu ya DNA. Akauliza DNA ni nini, tukaanza kumweleza mpaka adhana ya Isha.

Wallahu a'lam.